Farasi ni mmoja, mabinti ni wawili

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitokee, wala mji tunaoishi. Sema tu tuko Texas, magharibi ya Fort Worth. Waswahili wa huku tunajuana, na wenye kufuga farasi ni sisi peke yetu, kwa hiyo nikitaja zaidi nitakuwa nimejianika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi wa zamu za usiku. Mume wangu ni mtu wa Lamu, anaendesha malori ya safari ndefu. Tuna mabinti wawili, mkubwa miaka 16, mdogo 13. Habari za farasi aliziingiza nyumbani yule mkubwa. Alialikwa kwa rafiki yake wa shule, akapandishwa farasi, na tangu hapo hatukuwa na raha mpaka naye apate wake. Baba yake hakubembelezwa sana. Yeye amekua juu ya mgongo wa punda, utotoni akishindana na wenziwe pwani ya Lamu siku za Maulidi, na mpaka leo anaamini kila chenye kwato kinamjua yeye ni nani.

Mchezo wenyewe ni mbio za mapipa. Mapipa matatu ya chuma, kama yale ya mafuta, hupangwa pembe tatu uwanjani. Mpandaji anaingia kwa kasi, analizunguka la kwanza, la pili, la tatu, kisha anarudi shoti mpaka mstarini. Saa inahesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde. Ukiangusha pipa, kwengine unaongezewa sekunde 5, kwengine hupewi muda kabisa, umekwenda bure.

Farasi wetu wa kwanza tulimwita Babu. Alikuwa mzee tangu tulipomnunua, mpana, mtulivu, anaijua kazi kuliko sisi sote. Akilikaribia pipa alipunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa, akajikunja, akageuka. Kazi ya binti yangu ilikuwa kumhimiza kwa miguu mpaka kwenye pipa, la sivyo Babu angekata kona mapema. Walipendana, na katika madaraja ya chini wakawa wanarudi na utepe, mara nyengine na vijisenti vya mafuta ya gari.

Mwaka jana miguu ya Babu ilianza kuchoka. Mwalimu akasema mtoto akitaka kufika mbali atahitaji farasi mwenye mbio. Baba yake tayari alikuwa na ndoto ya vyuo vya huku vinavyolipia masomo vijana wa rodeo, yaani michezo ya kikauboi. Amekwisha kuulizia mpaka Tarleton State kule Stephenville. Basi tukachukua dola 24,000, nyingi zikiwa za kumalizia nyumba yetu ya Mtwapa, tukamnunua Zuhura, farasi jike wa miaka 7 mwenye damu ya mashindano ya mbio. Mzuri, Shangazi. Akipita watu wananyamaza.

Lakini tangu aje hatujapata amani. Uwanjani anakwenda kama aliyefunguliwa kamba. Pipa la kwanza analipita, anageukia karibu na uzio, na muda umekwisha potea. Binti yangu akiona hivyo anavuta hatamu kwa mikono miwili, farasi anainua kichwa, anafungua mdomo, ndiyo kwanza anazidi. Siku hizi hata kuingia uwanjani hataki. Anazunguka zunguka kwenye ujia, anarudi nyuma, mpaka watu wamsaidie. Binti akitoka mikono inamtetemeka. Ukali wa Zuhura umehamia hadi bandani, maana akifungwa mkanda wa tandiko tu anabana masikio na kugeuza meno. Na tandiko ni lile lile la Babu, si geni.

Sasa juzi mkubwa alikuwa na homa. Mdogo, ambaye anajifunzia farasi wa shule, akamwomba baba yake ampande Zuhura kwenye mazoezi. Mimi nilikuwa nimelala baada ya zamu. Nikaja kuonyeshwa video. Amelizunguka la kwanza vizuri, la pili vizuri, la tatu vizuri! Mume wangu akaruka kama aliyeshinda bahati nasibu. Tangu siku hiyo kauli yake ni moja: farasi apewe mdogo, mkubwa arudi kwa Babu au aache. Anasema mkubwa ni mwoga, anamwonea huruma farasi, na punda haendi bila kigongo.

Mwalimu naye anasema hawaoani. Kwa maneno yake, mtoto mpole anataka farasi mpole, na Zuhura ni farasi wa mpandaji mkali. Ametuletea familia iliyo tayari kutoa dola 15,000. Watakuja kumwona mwisho wa mwezi.

Mabinti hawasemeshani. Mkubwa anaamka alfajiri, anasafisha banda, anamlisha Zuhura, anakwenda shule. Hasemi kitu.

Shangazi, mpishi wa mgogoro huu ni farasi, lakini mimi naona ninaombwa kuchagua mtoto. Nimnyang'anye mkubwa nimpe mdogo? Niuze kwa hasara? Au nivumilie, nikisubiri siku ya kuitwa hospitali kumtazama mwanangu badala ya wagonjwa?

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu, na pole. Wewe kazi yako ni ya usiku, sasa na mchana nao hulali.

Nikikufuata sawasawa, hali yenu ni hii. Aliyenunuliwa farasi hapatani naye, na ambaye hakununuliwa ameonekana kupatana naye. Mwalimu anashauri muuze, mume anataka mrithishe, na wewe unaona ukimpa mdogo umemvunja mkubwa, ukiuza umezitupa pesa za Mtwapa, ukinyamaza mtoto ataumia. Swali lako la mwisho limenigusa kuliko yote. Nitalifikia, ila niruhusu nianze na farasi, kwa sababu kwa farasi kuna vitu vya kukagua kwa macho na mikono, na huenda baadhi ya unayoyaona kuwa tabia yakawa mambo mengine kabisa.

Mwalimu hakusema uongo kwamba farasi na mpandaji wanatakiwa kuoana. Mimi nimekaa Oklahoma muda wa kutosha, nimekalia mabenchi ya viwanja vingi vya vumbi, na kila mwenye farasi utakayemuuliza atakwambia hivyo. Kuna farasi anayejizuia: akiliona pipa anapunguza mwenyewe. Huyo anataka mtu wa kumsukuma, mwenye miguu inayofanya kazi hadi dakika ya mwisho. Kuna anayejiachia: atakimbia mpaka aambiwe. Huyo anataka mtu wa kumwambia mapema na kwa utulivu. Wengi wako kati ya hao wawili, na wengine hubadilika kwa uwanja, kwa siku, hata kwa majira. Farasi jike akiwa kwenye joto lake anaweza kukushangaza.

Sasa irudie kauli ya mwalimu, kwamba mpole apewe mpole na mkali apewe mkali. Hapo ndipo ninaposimama kidogo. Wapandaji wengi wenye uzoefu hulipanga jambo hili kinyume. Babu, mtulivu na mwenye kujizuia, ndiye farasi wa mpandaji mkali, kwa sababu bila mtu wa kumpa moto atakata kona mapema na kuligonga pipa kwa bega. Zuhura, mwenye moto wake mwenyewe, ndiye anayehitaji mkono mwepesi na mwili uliotulia. Ukimpandisha mtu wa mateke na kelele mnaongeza petroli. Kwa hesabu hiyo binti yako mpole si lazima awe mtu mbaya kwa Zuhura. Huenda tabia yake inafaa, na kinachokosekana ni mazoea.

Mazoea hayo aliyapata wapi? Kwa Babu. Miaka yote ile alifundishwa na mzee yule kwamba pipa likikaribia unahimiza, unasukuma, unakaa juu juu kwenye tandiko mpaka farasi mwenyewe ajikunje. Mwili wake umeshika somo hilo vizuri mno, na ndilo analompelekea Zuhura kila anapoingia uwanjani. Farasi ambaye hajizuii anapewa ishara ya kwenda mahali ambapo angepewa ishara ya kupunguza. Kisha binti anashtuka na kuvuta kwa nguvu, akiwa amechelewa. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Huku Marekani wapo wanaopanda wawili au watatu msimu mmoja na misamba yao salama, lakini kwa kila farasi wana mkono wake. Binti yako anampanda Zuhura kwa miguu ya Babu.

Nikupe vipimo uone jinsi nafasi ilivyo ndogo. Katika mpangilio wa kawaida wa chama cha wanawake wa rodeo, toka mstari hadi pipa la kwanza ni futi 60, la kwanza na la pili yameachana futi 90, na toka hayo mawili hadi la tatu ni futi 105. Zile futi 60 zinadanganya, kwani farasi ameanza kukimbia tangu kwenye ujia, na anafika pipa la kwanza na kasi yake karibu yote. Hatua moja ya farasi anayekwenda shoti ni mita tano, sita. Mpandaji akichelewa kwa hatua moja kukaa chini kwenye tandiko na kuachia pumzi, amekwisha lipita pipa kwa urefu wa chumba. Anayepanda farasi wa aina ya Zuhura hufundishwa kuanza kukaa hatua mbili au tatu kabla, mkono mmoja ukiwa umeshuka kwenye hatamu, macho yakiangalia pale anapotaka kwato zipite, si juu ya pipa lenyewe. Kuvuta kwa mikono miwili, kichwa cha farasi kikiwa juu, hakumsaidii kupunguza. Mgongo unakuwa mgumu, miguu ya nyuma haiwezi kuingia chini ya tumbo, na bila miguu hiyo hakuna kugeuka.

Haya hufundishika. Siwezi kukuahidi binti atayaweza, wala lini. Charmayne James, ambaye jina lake kila mtoto wa mapipa analijua, alitwaa ubingwa wa dunia miaka kumi mfululizo, 1984 hadi 1993, juu ya farasi mmoja, Scamper. Ubingwa wa kumi na moja ulikuja 2002, juu ya farasi mwingine, Cruiser. Katikati hapo yalitokea mengi, sisemi ni farasi peke yake. Lakini ukimwona mtoto wa miaka 16 hajamzoea farasi mpya ndani ya mwaka mmoja, usikimbilie kumwita mwoga.

Halafu kuna mambo mawili uliyoyaandika kwa kupita, nami sikuweza kuyapita. Umesema Zuhura anabana masikio na kugeuza meno akifungwa mkanda. Na umesema tandiko ni lile la Babu. Mwanangu, wewe ni muuguzi. Mgonjwa akikunja uso kila unapomgusa ubavuni, utaandika kwenye faili kwamba ana tabia mbaya?

Babu umemweleza mwenyewe kuwa ni mpana. Farasi wa damu ya mbio mara nyingi huwa na mabega membamba na mgongo uliochongoka juu. Tandiko lililokaa vizuri kwa mmoja linaweza kumbana mwenziwe mfupani kila anapogeuka. Farasi wa mashindano pia huugua vidonda vya tumbo, tena sana, na dalili mojawapo ni hiyo ya kununa wakati wa mkanda. Magoti ya nyuma huuma, kwato huuma, meno yenye ncha hugombana na lijamu mdomoni. Na farasi anayegoma kuingia kwenye ujia, watu husema amekuwa mkaidi. Pengine ni mkaidi kweli. Pengine amejifunza kwamba mwisho wa ujia ule kuna maumivu ya mgongo na ya mdomo, na hana njia nyengine ya kuwaambia. Hata huko kulipita pipa la kwanza kunaweza kuwa farasi anayekwepa kujikunja kwa sababu kujikunja kunamuuma.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza nani apewe nani, ningependa daktari wa farasi amtazame Zuhura kuanzia kwato hadi meno, na tumbo kwa kamera kama ataona haja, kisha mtu anayejua matandiko aje aangalie mgongo. Ni gharama, najua. Kwa mliyokwisha toa si kubwa. Na jibu lolote litawafaa, mkimweka, mkimhamisha au mkimuuza.

Tuje kwa mdogo na ile video. Sina sababu ya kuidharau. Huenda ana kipaji, na huenda yeye na Zuhura wanaelewana kweli. Ila jiulize nini kilikuwa tofauti siku ile. Yalikuwa mazoezi, hakukuwa na ujia uliojaa watu, wala spika, wala farasi wengine wanaoruka ruka. Mtoto wa miaka 13 ni mwepesi zaidi. Hakuwa na kitu cha kupoteza, na hakuwa na mazoea ya Babu, kwa hiyo pengine alikaa tu na kumwacha farasi afanye kazi. Je, mwendo ulikuwa ule ule wa mashindano? Video haisemi hayo. Mbio moja nzuri inapendeza kuitazama, lakini kumkabidhi mtoto farasi mwenye nguvu hizo kwa sababu yake ni hatari ya aina yake, tena anayegoma kwenye ujia na kurudi nyuma. Farasi anayerudi nyuma akiwa amechanganyikiwa anaweza kuinuka na kuanguka. Yeyote atakayempanda, mkubwa au mdogo, avae kofia ngumu. Najua wengi huku huvaa zile pana za kikauboi. Wao si wanao.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa, usiwaambie bado. Kama kweli mdogo ndiye mwenye miguu ya moto, basi kwa ile hesabu ya kuoana anayemfaa zaidi ni Babu! Babu hana tena miguu ya kupeleka mtu mbali, lakini kwa mtoto wa miaka 13 anayeanza mashindano, mzee anayeijua kazi ni mwalimu wa thamani, iwapo daktari ataridhia kazi nyepesi. Sikuambii mfanye hivyo. Nataka uone tu kwamba mpango wa mume wako, mdogo kwa Zuhura na mkubwa kwa Babu, si mpango pekee uliopo.

Tuseme daktari amekuta kitu na kimetibiwa, au hakukuta kitu. Mna njia kadhaa, na kila moja ina mahali pa kuumia.

Mnaweza kumwacha mkubwa na Zuhura na kupunguza kila kitu. Hakuna mashindano kwa muda, kazi iwe ya polepole, kuzunguka mapipa kwa kutembea, kisha kwa mwendo mdogo, mpaka farasi asahau kwamba kuona pipa ni kuona vita. Labda lijamu nyengine, japo hapo mniwie waangalifu: wengi wakishindwa kumzuia farasi hukimbilia chuma kikali zaidi, na farasi anayekimbia kwa sababu mdomo unamuuma atakimbia zaidi. Labda mpandaji mzoefu ampande kwa majuma kadhaa awaambie anachokihisi, tena asiwe mwalimu wenu. Simshuku mwalimu. Amekwisha toa maoni na kuleta mnunuzi, na mtu aliyefika hapo ni vigumu kuona upya. Hatari ya njia hii ni muda. Binti ana 16, misimu ya shule iliyobaki inahesabika, na anaweza kuipoteza mingi akitembea huku wenziwe wanashindana. Tena kuna hofu. Mikono inayotetemeka si jambo la kumwambia mtu ajikaze. Hofu isiposikilizwa, mwili huiweka.

Mnaweza kumpa mdogo. Kama itakuwa hivyo, nina wasiwasi na namna zaidi kuliko jambo lenyewe. Farasi akihamishwa kwa kauli ya baba, na neno mwoga likining'inia, mtakuwa mmempa mdogo farasi pamoja na chuki ya dada yake. Mdogo naye atapanda akijua kwamba akishindwa, amemnyang'anya dada yake bure. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka 13. Yapo majumba ambamo dada wawili wanagawana farasi mmoja na mambo yanakwenda. Mara nyingi ni pale mkubwa mwenyewe alipokaribisha.

Mnaweza kuuza. Hakuna aibu kumuuza farasi mzuri asiyewafaa. Huku ni jambo la kila siku, na wapo waliofika mbali juu ya farasi ambaye wengine walimshindwa. Huyo Scamper mwenyewe alinunuliwa kwa dola 1,100 baada ya kuwaangusha wengine. Hadithi hiyo inapendwa sana na wauza farasi, kwa hiyo isikilize ukiwa umeshika mkoba. Ila kwenu nyinyi inauliza swali: hizo dola 15,000 ni bei ya Zuhura, au ni bei ya Zuhura akiwa mgonjwa, amechanganyikiwa, na wenyewe wamekata tamaa? Mkiuza leo mnauza wakati bei iko chini. Mkisubiri, kila siku anayoonekana uwanjani akiruka hovyo bei inashuka zaidi. Na mkiuza, mtamnunua nani badala yake, kwa pesa gani, na mtajuaje safari hii kwamba wanaoana? Farasi anayejizuia, mwenye kasi kuliko Babu na miguu mizima, ni bidhaa inayotafutwa. Hapatikani rahisi kwa 15,000.

Ipo pia njia ya kumkodisha Zuhura kwa mpandaji mwengine msimu mmoja, kwa mkataba ulioandikwa. Mnapata nafasi ya kupumua, naye anapata kazi. Lakini farasi akiumia mikononi mwa mtu mnabaki na kesi, na mkubwa atalazimika kumtazama akipita chini ya mwengine.

Nikirudi kwenye swali lako, kama unaombwa kuchagua mtoto. Nimeisoma barua yako yote nikimtafuta mkubwa. Nimesikia maneno ya baba, ya mwalimu, ya mnunuzi, nimeona video ya mdogo. Yeye nimemwona mara moja, alfajiri, akisafisha banda. Unaandika hasemi kitu. Je, kuna aliyemuuliza? Sikusudii kumuuliza kama anamtaka Zuhura au hamtaki. Hilo ni swali la kujitetea, atakujibu anachodhani mnataka kusikia. Muulize anahisi nini pale farasi anapoingia kwenye ujia. Muulize Babu alikuwa akimwambia nini kabla ya pipa, na Zuhura anamwambia nini. Mtoto aliyekaa na farasi kila alfajiri anajua vitu ambavyo hata daktari hatavijua. Na inawezekana ukagundua kwamba hapendi tena kushindana, anapenda farasi tu. Inawezekana pia amekufa kwa Zuhura na anaogopa kuomba apewe muda, kwa sababu anajua pesa zile zilikuwa za nini. Watoto wetu wa huku wanazijua hesabu za nyumba za Mtwapa kuliko tunavyodhani.

Ndiyo maana ningeitenga ndoto ya chuo kwa sasa. Ufadhili wa rodeo upo kweli, na baba hakukosea kuutazamia. Lakini mtoto anayeingia uwanjani akiwa amebeba ada ya chuo na paa la nyumba, mwili wake hautatulia, na umeona Zuhura anavyousoma mwili usiotulia.

Kuhusu mume wako, mwendee taratibu. Mtu aliyekua na punda wa Lamu ana maarifa ya kweli, na ukiyapuuza atafunga masikio. Mwombe asimulie. Muulize kama punda wote aliowapanda walikuwa sawa, kama hakukuwa na mmoja ambaye ukimgusa kwa fimbo alikuwa anakwenda na wewe mpaka baharini. Sidhani kama kuna mtoto wa Lamu asiyemjua punda wa namna hiyo. Halafu mwambie ndiye huyo aliyeko bandani. Pengine yeye ndiye anayefaa kukaa na mkubwa wakati wa yale mazoezi ya polepole, badala ya kusimama uzioni na simu. Neno la mwoga, lakini, mwombe alirudishe, na alirudishe mbele ya wote wawili.

Mdogo naye asiachwe nje. Hajakosa chochote, aliomba, akaruhusiwa, akafanya vizuri. Mpongezeni bila kumlinganisha. Nawe ukipata nafasi, muulize alifanya nini pale kwenye pipa la kwanza. Anaweza kusema kitu kitakachomsaidia dada yake, na hapo watakuwa na la kuzungumza.

Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi. Hamlazimiki kumfukuza wala kumkubalia. Mwambieni mwalimu farasi anafanyiwa uchunguzi na majibu mtampa mnunuzi pia, kwa maandishi. Anayenunua kwa nia njema atafurahi, na yeye mwenyewe huenda akaja na daktari wake. Kama hataki kusubiri majuma mawili matatu, hiyo nayo ni habari. Siku atakayofika, mkubwa awepo, na kama kutakuwa na mtu wa kumpanda Zuhura mbele ya mgeni, mumwachie mkubwa aamue kama atakuwa yeye.